Ruhusa ya Msimamizi

Katika nchi hii mtu yeyote anaweza kukipa kitu jina. Duka lenye vocha, mikate na katoni mbili za sabuni limeandikwa Supamaketi, na hakuna ofisa aliyewahi kupita kuuliza vitoroli viko wapi. Daladala ya Mbagala inabandikwa kioo cha nyuma maneno ambayo sheikh na mchungaji wangeyapinga kwa pamoja, na inatembea nayo mchana kutwa. Mtoto akizaliwa, bibi yake anamtaja jina kabla mama hajamaliza uji, na jina linashika mpaka kwenye cheti cha ndoa.

Sasa nenda kaipe jina kompyuta yako mwenyewe, uliyoinunua Kariakoo kwa pesa yako na risiti unayo, kwa ajili ya tovuti ambayo hakuna binadamu mwingine atakayeiona. Utaulizwa wewe nani.

Ukoo wetu una kikundi cha WhatsApp, kikundi kina wazee, na wazee wanapata mawazo saa nne usiku. Usiku mmoja wakaamua ukoo uwe na tovuti: mti wa ukoo, picha za marehemu, tarehe za vikao, na orodha ya wasiolipa michango. Hilo la mwisho liliongezwa na shangazi, ambaye ni mhazini. Mimi nikateuliwa kuitengeneza kwa sababu naandika gazetini. Kwa wazee wa Kwimba, kuandika gazetini na kutengeneza tovuti ni kazi moja, zote unabonyeza.

Fundi wangu ni mpwa, mtoto wa dada. Kwa mila zetu yeye ni wa ukoo wa baba yake, ndiyo maana anatuchaji. Alikuja na begi mgongoni, akaagiza chipsi mayai kwa gharama zangu, akasema, "Anko, hatuanzi hewani. Tunajenga kwanza humu ndani ya mashine yako, ikikamilika ndiyo tunaipandisha."

Nilikubali kwa sababu moja tu: bando. Tovuti iliyomo ndani ya kompyuta inafunguka bila intaneti. Unaifungua usiku kucha, unaipekua kurasa zote, na hakuna ujumbe unaoingia kukuambia umetumia asilimia 75. Mpwa akaweka XAMPP, kifurushi cha bure chenye seva ya Apache, hifadhidata ya MariaDB na PHP. Juu yake akaweka WordPress. Akaandika localhost kwenye kivinjari, ukurasa ukatokea, mimi nikaanza kuzima taa za sebuleni.

"Bado jina, anko."

"Si hilo hapo, localhost?"

"Hilo ni jina la kila kompyuta ikijiita yenyewe. Hata ya jirani inaitwa hivyo."

Nyuma ya jina hilo kuna namba, 127.0.0.1, na nilipoisoma habari yake ndipo hasira zilipoanza kuchemka. Waliopanga anwani za intaneti walitenga mtaa mzima kwa kazi hiyo, kuanzia 127.0.0.0 hadi 127.255.255.255. Ni anwani 16,777,216, na zote zina maana ileile: mimi hapa. Kompyuta imepewa njia zaidi ya milioni 16 za kujiita yenyewe, huku Februari 2011 hazina kuu ya anwani za aina hiyo ikiishiwa kabisa, mafungu ya mwisho yakigawiwa kanda za dunia. Halafu angalia ajabu. Walipotengeneza mfumo mpya wa IPv6, wenye anwani nyingi kiasi kwamba hesabu yake haisomeki kwa pumzi moja, kwa kazi hiyohiyo wakatenga moja tu, inayoandikwa ::1. Walipokuwa na kidogo walitapanya, walipotajirika wakawa mabahili. Nina shemeji wa namna hiyo.

Nikamuuliza mpwa kwa nini tusibaki na localhost tukaenda kulala. Akasema kwanza, hapa tovuti iko ndani ya folda na kule hewani itakaa peke yake, kwa hiyo picha na viungo vinavyotafutwa kuanzia mzizi wa tovuti vitapotea njia. Pili, vidakuzi vya kivinjari vitachanganyika, kwa kuwa humu mna tovuti nyingine zinazotumia jina hilohilo.

"Tovuti nyingine zipi?"

Akakohoa. Ndipo nilipojua kwamba mpwa amekuwa akifuga wateja wake ndani ya kompyuta yangu: duka la vipuri la Ilala, kwaya, na mtu anayekodisha viti na maturubai. Ukiingia kwaya kwa neno la siri, unatolewa kwenye maturubai. Kodi sijawahi kulipwa.

Haya, jina. Mimi nilitaka jina la ukoo, kama mtu yeyote mwenye akili. Lakini sisi Wasukuma majina yetu mengi yanaanza na Ng'w, kama la Ng'wanamalundi, na la babu yetu halikukwepa. Kompyuta ikalikataa. Mwaka 1985 wataalamu wa Marekani waliandika waraka, namba 952, wakasema jina la kompyuta liwe na herufi za A hadi Z, tarakimu na kistari cha katikati, na lianze na herufi. Miaka minne baadaye wakalegeza wakaruhusu lianze na tarakimu, nadhani kuna mkubwa alikuwa na kampuni inayoanza na 3. Ritifaa? Hapana. Kistari cha chini nacho hapana. Wasukuma ndilo kabila kubwa kuliko yote Tanzania, na ndani ya chumba kile hakuna aliyesema, jamani, kuna watu Kwimba.

Nikapeleka suala kwenye kikundi. Baba mkubwa akajibu kwa sauti, na nyuma yake kuku wakichangia.

"Mwanangu, ukikiondoa hicho kialama unamtaja mtu mwingine kabisa. Simjui, na huenda anadaiwa."

Baada ya mjadala ulioingia hadi mipaka ya mashamba, tukakubaliana liwe ukoowetu, jina ambalo halimfurahishi mtu na kwa hiyo halimwonei mtu. Likabaki suala la mkia. Mimi nikasema tuweke .or.tz moja kwa moja, lizoee. Mpwa akaruka. Ukiiambia kompyuta kwamba jina la kweli la hewani liko humu ndani, siku tovuti ya kweli ikipanda wewe hutaiona. Utakuwa unatazama ya nyumbani na kuwaambia watu mbona inafunguka vizuri.

Basi tuweke .dev, nimeona vijana wanaipenda. Hiyo nayo ina makaburi yake. Mafundi wa dunia nzima waliitumia miaka mingi kwa kazi zao za ndani wakidhani haina mwenyewe. Kumbe ilishachukuliwa na Google, na Desemba 2017 kivinjari cha Chrome, toleo la 63, kikaanza kulazimisha kila jina lenye .dev lifunguliwe kwa https. Watu waliamka asubuhi tovuti zao za mezani zimegoma. Mwaka 2019 ikaanza kuuzwa kwa wananchi.

Na .local je? Hiyo imetengewa vifaa vinavyoitana vyenyewe ndani ya nyumba, kama printa. Ukiitumia, kompyuta inaweza kuanza kuuliza mtandao mzima wa nyumbani nani anaitwa hivi, nawe unasubiri. Mwaka 2024 ICANN, chombo kinachosimamia majina ya intaneti, kikatenga .internal kwa matumizi ya ndani. Mpwa akasema tuchukue .test, iliyotengwa tangu 1999 pamoja na .example, .invalid na .localhost, ili isiuzwe kamwe kwa yeyote. Nikaandika kwenye kikundi: ukoowetu.test.

Shangazi ni mwalimu mstaafu. Akauliza, "Test ya nini? Na matokeo yanatoka lini?"

Sikujibu. Nilikuwa bado sijakutana na faili la hosts.

Faili hili lina ukoo wake, na ni wa heshima kuliko wetu. Zamani, enzi za ARPANET, kompyuta zote za mtandao ziliorodheshwa kwenye daftari moja, HOSTS.TXT, lililotunzwa Menlo Park, California, katika taasisi ya SRI, na ofisi iliyolitunza iliongozwa na mama mmoja aitwaye Elizabeth Feinler. Ukitaka kompyuta yako iwe na jina, unapeleka ombi kwa watu wake, wanaliandika, na wengine wote wanachukua nakala mpya. Nimewahi kupanga foleni katika ofisi kadhaa na nasema kwa moyo wangu wote: mfumo huo nauelewa. Kuna mtu, kuna daftari, kuna kalamu. Lakini mashine zikazidi, nakala zikawa hazishikani na ukweli, na mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni DNS, ambapo majina yanaulizwa kwa seva zilizotawanyika duniani. Daftari la zamani halikufa. Kila kompyuta imebaki na kipande chake, na kwa kawaida jina likitajwa hutazama humo kwanza kabla ya kuuliza nje.

Kwa hiyo kazi ilikuwa kuongeza mstari mmoja: 127.0.0.1, nafasi, ukoowetu.test. Mtoto wa darasa la pili angeuandika huku anakula embe.

Faili limezikwa ndani ya diski C, ndani ya folda ya mfumo, ndani ya System32, ndani ya drivers, ndani ya etc. Ukifika huko unakuta mistari michache yenye alama ya reli mbele yake, maelezo ambayo mashine yenyewe inayaruka. Nikaandika mstari wangu. Nikabonyeza hifadhi. Kikatokea kisanduku: huna ruhusa ya kuhifadhi mahali hapa, wasiliana na msimamizi upate ruhusa.

Nikatazama sebule nzima. Mama watoto alikuwa anakunja nguo. Mtoto wa mwisho amelala kwenye kochi. Paka.

"Msimamizi wa kompyuta hii ni nani?" nikauliza.

Mama watoto hakuinua macho. "Muulize aliyekuuzia."

Chini ya kisanduku kulikuwa na swali la pili, la upole kama la mhudumu anayejua kwamba chumba ulicholipia ameshampa mtu mwingine: je, ungependa kuhifadhi kwenye folda ya Documents badala yake? Huko faili la hosts halina kazi yoyote duniani. Linakaa na wasifu wako wa kuombea kazi, vinaangaliana.

Mpwa akaja akanieleza kwamba kuwa mwenye mashine ni jambo moja, na programu unayoandikia kuwa na mamlaka ya msimamizi kwa wakati ule ni jambo jingine. Unatakiwa ubonyeze programu kwa kitufe cha kulia, uchague ifunguke kama msimamizi, kompyuta ikuulize kama una uhakika, ujibu ndiyo. Kwa hiyo mimi ndiye msimamizi, ila mpaka niombe, na anayeombwa ni mimi, na anayekubali ni mimi. Hata kamati ya shule ya mtaani kwetu, ambayo mwenyekiti wake ni kaka wa mhazini, haijafika huko.

Na kinachokera zaidi ni kwamba sababu yao ni ya kweli. Mwizi akiweza kuandika kwenye faili lile, anaweka jina la benki yako mbele ya namba ya kompyuta yake. Wewe unaandika jina sahihi la benki, herufi kwa herufi, na unatua kwa mwizi. Ndiyo maana faili limefungwa, na kinga-virusi nayo inalilinda kwa jicho kali. Naelewa. Lakini mwizi haji saa sita usiku na mstari wa ukoo, nami nilistahili japo salamu.

Kwa uchovu nilikuwa nimekubali kuhifadhi Documents; safari hii nakala ile ikahamishiwa mahali pake kwa baraka zote za msimamizi. Nikafungua kivinjari, nikaandika jina. Hakuna kitu. Mpwa akatazama folda, akacheka cheko la watu wa umri wake, lile la puani. Mlikuwa na hosts mbili. Programu ya kuandikia ilikuwa imelibandika faili mkia wa .txt bila kuulizwa na mtu, na mfumo wenyewe huwa unaficha mikia ya mafaili, ili usisumbuke. Ninaona hosts na hosts. Kompyuta inaona hosts na hosts.txt. Faili linalotakiwa halina mkia wowote. Tukakata mkia, tukaiamuru kompyuta isahau majibu ya zamani kwa ipconfig /flushdns, na jina likaitika.

Likaitika, lakini likaenda kufungua ukurasa wa matangazo wa XAMPP wenyewe. Kwa sababu, mnaona, faili la hosts linasema jina liko mashine gani, halisemi liko folda gani. Hilo linaandikwa kwenye faili jingine, la Apache, ambako unaiambia kwamba ikija sauti ya ukoowetu.test, mfungulie folda hii. Tukaandika. Ukoo ukafunguka, picha ya babu na fimbo yake, nikapiga makofi. Mpwa hakupiga. Simu yake ilikuwa inaita: mwenye kwaya alikuwa na mkutano kesho na alitaka kuona kazi. Mpwa akafungua localhost upande wa kwaya, na pale juu pakatokea babu yangu na fimbo, chini yake maneno kwamba ukurasa huo haupo. Kumbe ukianza kuyapangia majina folda, Apache inamchukua wa kwanza kwenye orodha kuwa ndiye wa kupokea kila asiyetambulika, na localhost yenyewe nayo lazima uiandike upya, la sivyo inakuwa mgeni kwake. Babu alikuwa wa kwanza kwenye orodha. Angefurahi, maana hata enzi za uhai wake wageni wote wa kijiji walifikia kwake.

Kuna habari ya poti namba 80 pia, ambayo siku moja ilikutwa imekaliwa na huduma nyingine ya mfumo, Apache ikakataa kuamka, na mpwa akashauri tutumie 8080. Hapo jina linabidi liandikwe na nukta mbili na 8080 nyuma yake. Nilikataa kata kata. Ritifaa tumeporwa, namba ya usajili mgongoni hatuchukui. Huduma ile ikazimwa.

Na kuna WordPress. Tulipoiweka, jina lilikuwa localhost, nayo ikaliandika kwenye hifadhidata, kwenye jedwali la wp_options, mara mbili, siteurl na home, na tena ndani ya anwani ya kila picha. Unaingia kwa jina jipya, inakupokea, inakurudisha kwa jina la zamani. Mpwa akaenda kubadilisha kote huko, marehemu mmoja mmoja.

Ikawa safi. Nikatuma kwenye kikundi: wazee wetu, tovuti tayari, fungueni ukoowetu.test. Yakaingia maua, mikono ya pongezi, na baba mkubwa akanibariki mimi na uzao wangu. Dakika chache baadaye baraka zikaanza kurudishwa. Kila simu ilisema tovuti haipatikani. Ya Ngudu haipatikani, ya Mwanza haipatikani, ya binamu aliyeko Muscat haipatikani, na huyo ndiye mwenye simu ya gharama kuliko zote.

Nikaeleza kwamba jina lile liko kwenye daftari la kompyuta yangu tu. Simu zao zina madaftari yake, lakini yamefungwa, na msimamizi wake si wao. Nikaeleza kwamba kinachobaki ni kulipia jina la kweli na nafasi ya seva hewani, na pesa yenyewe iko kwa shangazi. Kimya. Halafu shangazi, kwa maandishi, na alama zote za uandishi mahali pake:

"Mwanangu, pesa ya ukoo haitoki kulipia kitu ambacho hakijaonekana. Tuone kwanza."

Hawawezi kuiona mpaka ilipiwe. Haiwezi kulipiwa mpaka waione. Mwanasheria wa ukoo, ambaye si mwanasheria ila alifanya kazi mahakamani kama tarishi, akasema hoja ya mhazini ina mashiko.

Kwa hiyo tovuti ya ukoo ikasafiri kwa basi. Binamu mwingine alikuwa anapanda Mwanza, akaibeba mapajani kutoka Dar es Salaam, akaishusha kwa shangazi pamoja na chaja na karatasi niliyoandika hatua za kufuata: washa, fungua XAMPP, anzisha Apache, anzisha hifadhidata, andika jina. Jioni shangazi akanipigia. Babu ameonekana, wazee wamemtambua, na pesa ataituma asubuhi ikiwa mti wa ukoo utarekebishwa upande wa mke wa pili.

"Ila kompyuta yako ina maswali," akasema. "Nimebonyeza, ikauliza kama naruhusu."

Nikakaa chini. "Ukafanyaje, shangazi?"

"Nikaruhusu."

"Haikukwambia uwasiliane na msimamizi?"

"Mimi?" akasema shangazi.